Sekunde Sita za Mwisho

Mwaka jana, nilipokuwa field kwenye kituo kimoja cha redio hapa Dar es Salaam, wiki ya pili walinikalisha nyuma ya prodyuza nijifunze kukata sauti. Tangazo la kwanza nililolimaliza kwa mkono wangu lilikuwa la mkopo wa simu. Sauti ya mwanamke mchangamfu, mtu unayeweza kumwita dada bila kumjua: ada ya watoto imekukaba, mtaji umekata, una mgonjwa hospitali; pakua programu yetu, jaza namba ya kitambulisho, pesa inaingia ndani ya dakika tano, bila dhamana, bila mdhamini. Hapo zimeshakwenda sekunde ishirini na nne. Zimebaki sita, na maelezo ya masharti, yakisomwa kwa mwendo wa mtu anayetaka kueleweka, yalihitaji kumi na moja.

Prodyuza akanionyesha inavyofanywa. Unaondoa pumzi zote kati ya sentensi na sentensi. Kisha unaongeza mwendo, huku programu ikishikilia unene wa sauti isije ikawa nyembamba kama ya katuni. Unashusha sauti kidogo, unapandisha muziki kidogo. Kwenye skrini, mawimbi ya sauti yaliyokuwa na milima na mabonde yakageuka ukuta mmoja. Kwamba riba inatozwa kwa wiki, kwamba faini ya kuchelewa inahesabiwa kwa siku, na kwamba ukishakubali mkopo umeiruhusu kampuni kuwasiliana na watu waliomo kwenye simu yako: yote hayo yakaenea ndani ya sekunde sita. Mteja akasikiliza, akapitisha. Jumatatu likaanza kwenda hewani, mara nane kwa siku.

Tuliporudi chuoni nililiandika jambo hilo kwenye ripoti yangu na kulisimulia siku ya kuwasilisha. Nilijibiwa kwa maneno matatu ambayo kila Mtanzania ameshayasikia: tangazo ni tangazo. Darasa likaitikia. Wenzangu wakasema kila mtu anajua kwamba muuzaji hutia chumvi. Hakuna mtu mzima mwenye akili timamu anayeamini kwamba sabuni itamrudishia mume au kwamba soda itamfundisha mpira. Biashara ni matangazo. Redio inalipa mishahara kwa matangazo, gazeti linachapwa kwa matangazo, na sisi wenyewe tunaosoma masoko tunategemea kula kwa matangazo. Anayedanganyika ajilaumu mwenyewe, kwani mjinga ndiye aliwaye.

Nimekaa na maneno hayo miezi kadhaa sasa. Nayapinga yote, tangu lile la kwanza mpaka methali.

Nianze na pesa, kwa kuwa ndiyo lugha tunayofundishwa. Tangazo lile lilinunuliwa mara nane kwa siku kwa muda wa wiki nne, na mwenye kampuni alilipa. Ikiwa kweli kila mtu anajua kwamba maneno ya tangazo hayana uzito, bwana huyo alikuwa analipia nini? Sijawahi kukutana na mfanyabiashara anayemwaga mamilioni hewani ili asiaminiwe. Kwenye kikao cha kupanga bajeti, hesabu zote hujengwa juu ya kuaminiwa: watu wangapi watasikia, wangapi watapakua, wangapi watakopa. Ile kauli ya kwamba hakuna anayeamini huja baadaye, mteja anapolalamika. Mtu yuleyule anasema mambo mawili yasiyoweza kukaa nyumba moja, na anasema kila moja mahali linapomfaa.

Halafu mtazame yule dada wa kwenye tangazo. Kwa sekunde ishirini na nne hakuwa na haraka. Alitaja ada ya watoto polepole, akataja mgonjwa polepole zaidi. Alianza kukimbia alipofika kwenye riba. Kama msikilizaji anajua kila kitu, hakukuwa na sababu ya kumkimbiza hapo. Nilikuwa nimeshika kipanya mimi mwenyewe, kwa hiyo najua tulikimbiza nini na kwa nini.

Wanaotetea chumvi hupenda kusema kwamba hata sheria inaikubali. Ni kweli inaikubali, lakini si kama wanavyodhani. Sisi tunaosoma biashara hukutana na Bi. Carlill kwenye somo la sheria ya mikataba, tunamkariri kwa ajili ya mtihani, kisha tunamsahau. Inafaa tumkumbuke vizuri zaidi. Novemba 1891, wakati homa ya mafua ilikuwa imeitikisa Ulaya, kampuni iliyoitwa Carbolic Smoke Ball Company ilitangaza katika gazeti la London kipira cha mpira chenye unga wa kaboliki, ambacho mtu alikibinya na kuvuta moshi wake puani. Kiliuzwa shilingi kumi. Tangazo liliahidi pauni 100 kwa yeyote atakayekitumia mara tatu kwa siku kwa wiki mbili, kwa kufuata maelekezo, na bado akapata mafua. Likaongeza kwamba pauni 1,000 zimewekwa katika Alliance Bank kuonyesha kwamba kampuni haina mzaha.

Louisa Carlill alinunua kipira, akakitumia kama alivyoagizwa kuanzia Novemba hadi Januari, na mafua yakampata. Akadai pauni zake. Kampuni ikakataa, na ilipofikishwa mahakamani ilijitetea kwa maneno ambayo ningeyatambua hata gizani: lile lilikuwa tangazo tu, mbwembwe za biashara, hakuna mtu mwenye busara angelichukulia kwa uzito. Tangazo ni tangazo. Mwaka 1892 majaji watatu wa Mahakama ya Rufani, Lindley, Bowen na A. L. Smith, waliukataa utetezi huo. Jaji Lindley alizishika zile pauni 1,000 za benki: umeziweka ili watu wakuamini, basi huwezi sasa kusema hukutaka kuaminiwa.

Darasani tunafundishwa kesi hii kama mfano wa pendekezo na ukubali, jinsi mkataba unavyoweza kufungwa na mtu usiyemjua. Sijawahi kumsikia mwalimu akisema jambo lililo wazi zaidi, kwamba utetezi wa "kila mtu anajua" ulishapelekwa mbele ya majaji zaidi ya miaka 130 iliyopita, ukasikilizwa kwa heshima zote, ukashindwa. Na sababu ya kushindwa kwake inatupa kipimo kizuri cha kutenganisha chumvi na uongo. Ukisema chai yako ni tamu kuliko zote duniani, umetia chumvi; hakuna atakayepanga maisha yake juu ya hilo, na wala hakuna wa kulipima. Ukisema dakika tano, bila dhamana, kilo kumi kwa mwezi, sukari inaisha kabisa, umetoa ahadi ambayo mtu ataitendea kazi. Atauza kuku. Ataacha dawa. Chumvi inayomfanya mtu aache dawa siwezi kuiita chumvi.

Wenzangu watasema Bi. Carlill alikuwa mtu wa karne ya kumi na tisa, sisi wa leo tumeamka. Hapa nazungumzia wasomi, kwa sababu msimamo huu ni wa wasomi hasa. Anayesema kila mtu anajua huwa anamaanisha yeye anajua. Mwaka 1977 watafiti watatu wa Marekani, Lynn Hasher, David Goldstein na Thomas Toppino, waliwasomea wanafunzi wa chuo sentensi nyingi, za kweli na za uongo, katika vikao vitatu vilivyoachana kwa wiki mbili. Baadhi ya sentensi zilirudiwa kila kikao. Zile zilizorudiwa zilizidi kuaminika kila zilivyosikika, za uongo sawa na za kweli. Walioaminishwa kwa kurudiwa-rudiwa walikuwa wanachuo, kama sisi. Na mwaka 2015 Lisa Fazio na wenzake walionyesha jambo linalouma zaidi: kurudia kunalainisha akili hata ya mtu ambaye tayari analijua jibu sahihi. Kujua hakukumkinga.

Sihitaji kwenda mbali kulithibitisha. Chumbani kwetu hosteli tuko wanne. Mmoja wetu anasoma takwimu. Anaweza kukukokotolea ubaoni kwa nini mkeka wa kubeti wa timu kumi na mbili hauwezi kumlipa mchezaji kwa muda mrefu, na atakukokotolea kwa usahihi. Boom, pesa yetu ya mkopo wa wanafunzi, linapotoka, siku hiyohiyo anabeti. Nimemwona saa sita usiku akiwa ameikumbatia simu, mkeka umechanikia kwenye mechi ya mwisho, na juu ya skrini hiyohiyo tangazo linamwonyesha kijana wa rika lake ameinua hundi kubwa kama mlango. Waliochaniwa mikeka hawaonyeshwi. Chini kabisa kuna maneno madogo, cheza kistaarabu, ambayo ni ndugu wa zile sekunde sita zangu. Rafiki yangu si mjinga, na simruhusu mtu amwite hivyo. Anasikia na kuona ahadi ile mara nyingi kwa siku kuliko anavyomsikia mwalimu wake wa takwimu kwa wiki. Aprili 2025 Kenya ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Sidhani bodi iliyotoa amri hiyo iliamini kwamba tangazo ni tangazo tu.

Sasa nije kwa shangazi yangu, ambaye ndiye sababu ya hasira yangu, na sioni haja ya kuificha.

Shangazi anakaa Mbagala, anakaanga vitumbua. Ana kisukari mwaka wa saba sasa, na kwa miaka mitano ya mwanzo hakukosa kliniki. Kadi yake ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya Biblia. Kila asubuhi redio huwa juu ya ndoo ya unga wa mchele, inaongea naye wakati anageuza. Siku moja kikaja kipindi cha afya. Mtangazaji anamwita mgeni wake "daktari". Daktari anaeleza kongosho kwa lugha tamu na nyepesi kuliko shangazi alivyowahi kuelezwa hospitali. Wasikilizaji wanapiga simu: mama wa Tanga amepona, baba wa Morogoro ametupa sindano. Mwishoni inatajwa namba, na bei ya dozi, makopo mawili ya unga wa mitishamba, shilingi 85,000. Shangazi akatoa kwenye pesa ya kikoba. Yule mtu wa kwenye simu alimwambia asichanganye na vidonge vya hospitali, kwa kuwa vitaua nguvu ya dawa.

Wiki ya sita tulimbeba. Kidonda kilikuwa kwenye kisigino, hakukisikia kilipoanza. Muuguzi alipomchoma kidole, mashine ilisoma 27, akakichoma tena akidhani imekosea. Shangazi hakukatwa mguu; tunashukuru. Alilazwa siku kumi na tisa na biashara yake ikafa, ikabidi aianze upya.

Nilikuja kujua baadaye, nikiwa field, kwamba vipindi vya namna ile ni muda ulionunuliwa. Anayeitwa mgeni ndiye mlipaji, na baadhi ya wanaopiga simu ni watu wake. Kwa hiyo nikisikia darasani kwamba kila mtu anajua tangazo ni tangazo, nauliza: shangazi angejuaje kuwa lile ni tangazo? Hapakuwa na muziki wa tangazo. Hapakuwa na sauti iliyokimbia. Palikuwa na kipindi cha afya na daktari. Hoja ya wenzangu inadhani kwamba uongo unakuja umevaa fulana yenye jina lake, wakati kazi kubwa ya fani hii siku hizi ni kuivua hiyo fulana.

Mbinu yenyewe ni ya zamani. Katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, kampuni za maziwa ya watoto, Nestlé ikiwa mojawapo, zilituma wanawake waliovaa kama wauguzi kwenye wodi na vijiji vya nchi maskini, Afrika ikiwemo, kuwaeleza akina mama uzuri wa maziwa ya kopo. Mama aliyetoka kujifungua aliona muuguzi. Maziwa ya mama yalipokauka kwa kutonyonywa, kopo likawa halina mbadala, na mama asiye na maji safi wala pesa ya kopo la pili akayazimua ili yafike mwisho wa mwezi. Mwaka 1974 shirika la Uingereza la War on Want lilichapisha kijitabu kuhusu vifo vya watoto hao, mwaka 1977 Wamarekani wakaanza kuisusia Nestlé, na mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukapitisha kanuni za kudhibiti utangazaji wa maziwa hayo kwa kura 118 dhidi ya moja, ya Marekani. Kanuni hizo hazikusema kwamba akina mama wale walipaswa kujua. Leo vazi la muuguzi limebadilika tu. Linaweza kuwa koti jeupe kwenye video fupi, au msanii mwenye wafuasi milioni anayesema "nimeitumia mwenyewe, nimeona matokeo", bila neno moja kuonyesha kwamba amelipwa aseme hivyo.

Turudi kwenye ile methali. Mjinga ndiye aliwaye ni maneno ya mzazi kwa mtoto anayemtuma sokoni. Ni onyo la mtu anayekupenda: fungua macho, hesabu chenji, usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Ni maneno ya busara yakitoka upande huo. Yakitoka kwenye kinywa cha anayekula, yanakuwa kukiri kosa na kudai pongezi. Sheria zetu humwita mnunuzi mlaji. Tume ya Ushindani imepewa kazi ya kumlinda mlaji. Sisi tunaofundishwa kumhudumia tunamwita, bila aibu, aliwaye. Sijui tulifikaje hapo, lakini najua tulipita darasani.

Kuna hoja moja ya wenzangu ninayoiheshimu, nayo ni ya mkate. Wanasema ukilazimisha ukweli, matangazo yatakufa, na redio na ajira zitafuata. Naijibu kwa uzito kwa sababu nami natafuta ajira hiyohiyo.

Nendeni soko la Karume asubuhi mapema, robota la mitumba linapofunguliwa. Yupo kijana ninayenunua kwake mashati. Analinyanyua shati juu, analigeuza ndani nje, anapiga kelele soko zima lisikie: "Hili lina doa kwapani, ndiyo maana buku mbili! Hili halina kitu, buku saba, kagua mwenyewe!" Hilo ni tangazo, tena la sauti kubwa, lenye mbwembwe na vichekesho na wimbo ndani yake. Nimenunua kwake tangu mwaka wa kwanza, na la buku saba sijawahi kulikagua. Ameshaniambia kuhusu doa. Nina sababu gani ya kumshuku kwenye shati safi? Wamarekani wenyewe, ambao vitabu vyao ndivyo tunavyosomea, hulisifu hadi leo tangazo la Volkswagen la mwaka 1960, kazi ya ofisi ya Bill Bernbach, lililoweka picha ya gari na chini yake neno moja lenye maana ya gari bovu. Maelezo yalisema gari hilo lilikataliwa kiwandani kwa sababu ya dosari kwenye kipande cha kromu cha kisanduku cha mbele. Liliuza kwa kusema dosari.

Kinachoua soko ni upande wa pili. Mwaka 1970 mchumi George Akerlof aliandika kuhusu magari yaliyotumika, na mwaka 2001 akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi ya namna hiyo. Hoja yake inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kununua gari la mkononi. Mnunuzi asipoweza kutofautisha zima na bovu, anatoa bei ya katikati kwa yote. Mwenye gari zima anaona bei hiyo inamuonea, analiondoa sokoni. Yanabaki mabovu, wanunuzi wanashusha bei tena, na yaliyokuwa afadhali nayo yanaondoka. Ndivyo ilivyo kwa mtu anayeuza mitishamba ya kweli, aliyejisajili kwenye Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, asiyeahidi kuponya kila kitu. Ananunua sekunde thelathini zilezile kwa bei ileile, anasema kwa kiasi, na kabla hajamaliza anafuata mwingine anayeponya kisukari, presha na nguvu za kiume kwa kopo moja. Mkweli atakaa hewani miezi mingapi? Anayesema ukweli utaua ajira ahesabu kwanza wakweli ambao uongo umeshawafukuza.

Wala sisemi tutunge sheria mpya. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara. Wenzetu wa Kenya wamekwenda mbele zaidi. Ibara ya 46 ya Katiba yao ya 2010 inalitaka Bunge litunge sheria ya kumlinda mlaji na ya matangazo yenye haki, ukweli na staha. Wameliweka neno ukweli ndani ya katiba, karibu na haki nyingine za binadamu, na nadhani hapo ndipo mahali pake. Benki Kuu yetu nayo, Novemba 2024, ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zinafanya kazi bila leseni. Orodha ile niliisoma yote. Nilichojiuliza ni hiki: waliokopa kwenye programu hizo walizijulia wapi? Kwa matangazo. Na orodha yenyewe ilitangazwa kwao mara nane kwa siku, kwa sauti ya dada mchangamfu? Ilitolewa kama taarifa kwa umma, ikasomwa na sisi tunaosoma taarifa kwa umma.

Ninachotaka kina mfano. Kwa miaka zaidi ya hamsini, tangu 1921, dawa ya kusukutua kinywa ya Listerine ilitangazwa Marekani kwamba inazuia mafua. Haizuii. Mwaka 1975 tume ya biashara ya nchi hiyo haikuridhika na kuwaambia waache. Iliwaagiza watenge dola milioni kumi za matangazo ambamo watamke kwamba Listerine haisaidii kuzuia mafua wala vidonda vya koo, na mahakama ikaunga mkono mwaka 1977. Waliona kwamba uongo ukishakaa kichwani nusu karne hauondoki kwa kunyamaza. Unaondolewa kwa njia ileile uliyoingilia. Yule "daktari" wa redioni arudi hewani kwenye kipindi kilekile, saa ileile shangazi anapogeuza vitumbua, na aseme kwamba unga wake hauponyi kisukari na kwamba watu warudi kliniki. Arudi mara nyingi kama alivyokuja mwanzo, kwa pesa yake. Kipindi kilichonunuliwa kitamkwe kuwa kimenunuliwa, mwanzo, katikati na mwisho. Na masharti yasomwe kwa mwendo uleule wa ahadi, na sauti ileile. Ikihitaji sekunde kumi na moja, zilipiwe kumi na moja.

Mwenzangu mmoja, msichana mwenye akili nyingi, aliniambia hilo la mwisho halina maana kwa sababu hata yakisomwa polepole watu wa kawaida hawataelewa. Nikamwambia hajawahi kuwapa nafasi.

Ile sauti ya mwanzo, kabla sijaikata, ninayo bado kwenye simu. Jumapili iliyopita nilikwenda Mbagala. Shangazi alikuwa ameanza tena, jiko moja badala ya mawili, mguu ameuweka juu ya kigoda kama alivyoagizwa. Yeye ndiye hasa mtu aliyetafutwa na tangazo lile: mtaji umekata, hana dhamana, na tangazo lenyewe alishalisikia mara nyingi mpaka anaweza kuliimba. Nikamchezea kwanza kama linavyokwenda hewani. Akatabasamu, akasema dada huyu ana sauti nzuri. Nikamuuliza mwishoni amesikia nini. Akasema pale mwisho si huwa wanamalizia tu.

Kisha nikamchezea masharti peke yake, zile sekunde kumi na moja, na pumzi zake. Aliacha kugeuza. Akaniomba nirudie, nikarudia. Kitumbua kimoja kikaanza kuungua pembeni na hakukitazama.

"Hebu ngoja, mwanangu," akasema. "Hao watu waliomo kwenye simu yangu, wao wanawatafutia nini?"